Risasi Nne Ndani ya Mkoba wa Watu

Watu wakisikia kwamba niliwahi kupiga tembo, huvuta viti karibu. Wanataka niwaambie tembo alikuwa mkubwa kiasi gani, nilisimama vipi, nililenga wapi. Hakuna anayeniuliza habari za bega. Bega langu la kulia haliwezi kubeba ndoo ya maji mpaka leo, na mvua ikitaka kunyesha lenyewe ndilo linalotangulia kujua. Hadithi za ushujaa zimenichosha. Hii ninayoiandika si ya ushujaa, na msomaji aliyekuja kutafuta hiyo namwambia mapema asijisumbue.

Miaka ya hamsini nilikuwa nafanya kazi katika shamba moja la mkonge kaskazini ya Tanga, upande wa kwenda Moa. Mwenye shamba alikuwa Mgiriki mnene, hasira zake karibu na huruma zake mbali kidogo, lakini alikuwa nazo. Shamba lilipakana na mpunga na mihogo ya wanakijiji, na nyuma ya hapo lilikuwa pori tupu mpaka chini ya milima. Kila mwaka mpunga ukianza kuzaa, tembo walishuka. Nyati walikuja siku yoyote waliyojisikia. Nguruwe hawakuondoka kabisa. Mgiriki akaweka watu wawili wa bunduki walinde shamba lake na mashamba ya majirani, maana, alisema, wanakijiji wakifa njaa nani atamkatia mkonge?

Mmoja wa watu hao nilikuwa mimi, mzaliwa wa Usagara ya Tanga, mtoto wa mjini. Wa pili alikuwa Mshambaa, mtu wa Amani, Mlutheri asiyekosa kanisa hata akiwa na homa, amenizidi umri kwa miaka kama kumi. Mimi nilimwita kaka, yeye akaniita mdogo wangu, na akitaka kunichokoza aliniita mla samaki. Nami nilimwambia watu wa milimani wanaoga siku ya Krismasi tu. Tulikwenda hivyo miaka minne, na sikumbuki siku tuliyogombana.

Bunduki zilikuwa mbili, pacha, zimetengenezwa kwa ajili ya wanyama wakubwa. Mdomo wa mtutu uliingiza kidole changu kidogo bila kukibana. Uzito wake si neno, mtu huzoea kubeba. Shida ilikuwa teke. Bunduki ile ukiifyatua, kitako kinarudi begani kwa nguvu za mtu aliyekukusudia. Kofia inaruka, meno yanagongana, masikio yanalia mpaka alasiri. Ukikosea kuishika, inakutoa damu puani. Siku nilizopiga risasi tatu au nne sikuweza kuvua shati peke yangu, na mke wangu alinikanda kwa maji ya moto na chumvi huku akiilaani kazi yenyewe, aliyeniajiri, na aliyebuni bunduki.

Risasi za dukani zilikuja kwa meli, na zikichelewa zilichelewa miezi. Kwa hiyo Mgiriki alizitengeneza mwenyewe katika chumba kidogo nyuma ya stoo. Maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa hayakutupwa. Yaliokotwa, yakasafishwa, yakabanwa kwenye mashine ya mkono mpaka yarudie umbo lake. Kitako cha ganda kilitolewa fataki ya zamani kikatiwa mpya, baruti ikapimwa kwenye mizani ndogo ya sonara, ikamiminwa, kisha kichwa cha risasi chenye koti la chuma kikashindiliwa juu. Kazi hiyo Mgiriki alinifundisha mimi kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitulivu. Kaka alijaribu mara moja, akamwaga baruti mezani, akafukuzwa kwa matusi ya Kigiriki. Tangu siku hiyo kila risasi iliyoingia katika bunduki zile mbili ilipita mikononi mwangu.

“Wewe pika,” kaka alikuwa akiniambia, “mimi nile.”

Hakuwahi kuikagua hata moja.

Mwaka wa tatu nilivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Nilimpiga nyati nikiwa nimelala chini, nimeegemea vibaya, na bunduki ikanipata kwenye mfupa badala ya nyama. Mzee mmoja wa kijijini, fundi wa kuunga mifupa, alinifunga kwa vipande vya mianzi, nikakaa wiki nyingi bila kazi. Mfupa uliunga. Nilichorudi nacho kazini, ambacho hakikuwahi kuunga, kilikuwa woga.

Naliandika neno hili sasa kwa urahisi, lakini wakati ule nisingelitamka hata mbele ya kioo. Sikumwogopa tembo wala nyati. Nililiogopa teke. Kabla kidole hakijavuta, jicho langu lilijifumba lenyewe na bega likarudi nyuma, nami nisiweze kulizuia. Mgiriki alikuwa na njia ya kumpima mtu wa namna hiyo: alichanganya ganda lisilo na baruti na risasi nzima ndani ya bunduki, bila kukwambia. Ukivuta, unasikika mlio mdogo tu wa chuma, tik, na kama wewe ni mwoga mdomo wa bunduki unaonekana ukichovya chini peke yake. Nilijipima hivyo mwenyewe nikiwa nimejifungia katika kile chumba. Ulichovya kama jembe. Nikajipima tena, ukachovya zaidi. Nilikaa juu ya sanduku la baruti nikalia, mtu mzima, mume wa mtu.

Ningeweza kumwambia Mgiriki. Angenirudisha kwenye kiwanda cha kusaga mkonge, na pale kambini wote wangejua kwa nini. Ningeweza kumwambia kaka. Nadhani yeye angenicheka siku moja kisha angenisaidia. Sikumwambia yeyote. Badala yake nilipunguza baruti.

Mwanzo nilipunguza kidogo, kwa risasi zangu mwenyewe. Teke likapungua kidogo. Nikazidi kupunguza, mpaka baruti ikawa pungufu kwa karibu robo, na bunduki ikawa inasukuma badala ya kupiga. Mlio nao ulibadilika, ukawa mzito na wa chini, si ule mkavu unaopasua masikio. Jicho langu likaanza kutulia. Risasi hizo zilitosha kabisa kwa nguruwe, na kwa kupiga hewani kufukuza wanyama, na kazi yetu siku nyingi ilikuwa hiyo. Nilijiambia kwamba akija tembo nitatumia risasi kamili. Zile nyepesi nilizikwaruza msumari kwenye kitako ili nizijue, nikazichukua nyumbani, nikaziweka katika kopo la majani ya chai juu ya rafu, mbali na za stoo. Nilijiona mwerevu.

Mwezi wa mpunga kuzaa, kaka alipata habari ya msiba, mjomba wake amefariki huko milimani. Alipewa ruhusa ya wiki moja. Mkanda wa mkoba wangu wa risasi ulikuwa umeoza kwa mvua, kwa hiyo kabla hajaondoka aliniazima wake, mkoba wa ngozi ya pofu, yule swala mkubwa, alioushona mwenyewe. Aliporudi, siku ya Alhamisi, mimi nilikuwa bondeni nawafukuza nyani. Mke wangu akaona si vizuri mkoba wa shemeji yake ulale kwetu hali mwenyewe amekwisha rudi. Akaupeleka.

Sasa lazima niseme jinsi mke wangu alivyolelewa. Kwao mjini, sahani ya jirani ikija na chakula hairudi tupu. Hata kama hamna kitu ndani ya nyumba, utatia ndimu mbili, utatia konzi ya chumvi, utatia kipande cha nazi, lakini hutamrudishia mtu chombo kikavu. Ni haya. Ni kama kumtukana. Yeye sheria hiyo aliifuata kwa kila chombo kilichoingia mlangoni kwetu, kikiwa kapu, kikiwa chupa ya mafuta ya taa. Nilirudi alasiri nikamkuta uani anamenya mihogo.

“Mkoba wa shemeji n'shampelekea,” aliniambia. “Na pole ya msiba n'shawapa.”

“Umefanya vyema.”

“Nikautazama, mtupu. N'kaona ati n'tampelekeaje mtu mkoba mtupu, naye katoka matangani? N'katia zile risasi zako za kwenye kopo la chai. Nne. Kafurahi huyo!”

Nilisimama. Nakumbuka nilikuwa na kiatu kimoja mkononi.

“Nani kakwambia utoe mle?”

“Hee! Si risasi? Huko stoo si unazo tele?” Akaniangalia usoni. “Nimekosa?”

Angeweza kukosa vipi? Kwake risasi ni risasi kama sukari ilivyo sukari. Hata msumari kwenye kitako hakuuona, na angeuona usingemwambia kitu. Nikamjibu kwamba hakukosa. Kisha nikavaa tena kile kiatu, nikatia risasi nne kamili mfukoni, nikaondoka kwenda kambini kwa kaka. Haikuwa mbali, mwendo wa kuvuta sigara moja.

Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia zile zina baruti mbovu, imeingia unyevu. Lakini angeniuliza kwa nini nimeweka nyumbani baruti mbovu. Nitamwambia ni za majaribio. Majaribio ya nini? Kaka hakuwa mpumbavu. Nilipofika sikuwa na neno hata moja lililosimama.

Nilimkuta barazani na watu waliokuja kumpa pole, wakata mkonge watano au sita, na mnyapara wao. Nikapeana nao mikono, nikatoa rambirambi, nikapewa chai. Mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya kichwa chake, kiasi cha mimi kunyoosha mkono tu. Walizungumza habari za marehemu, za barabara ya Amani iliyokatika kwa mvua, za kanisa linalojengwa. Mimi nilikuwa nautazama mkoba.

“Mwambie shemeji asante sana,” kaka alisema akaupiga mkoba kofi la upole. “Mke wa mtu analeta risasi kama analeta maandazi! Mnaona watu wa pwani walivyo na adabu? Sisi kwetu ningeletewa kiazi.”

Wakacheka wote. Nami nilicheka. Nilikuwa na risasi nne mfukoni, zimepata joto la paja langu, na sikuwa na jambo la kufanya ila kusema, kaka, nipe hizo, chukua hizi. Maneno matano. Mnyapara yule alikuwa mdomo wazi, jambo likiingia sikioni mwake jioni, asubuhi limefika kiwandani. Nikajiambia nitasema kesho asubuhi tukikutana stoo, tukiwa wawili. Nikamaliza chai yangu, nikaaga, nikarudi nyumbani na risasi zangu. Niliona haya mbele ya watu sita ambao leo sikumbuki hata sura zao.

Hatukukutana stoo. Alfajiri tembo waliingia katika mpunga wa kijiji, na wanawake waliokuwa wakilinda wakapiga madebe, na mtu aliyetumwa kutafuta bunduki alipitia kambini kwanza kwa sababu kambi ndiyo iliyokuwa njiani. Kaka alitoka na mkoba begani hata bila kunawa uso. Habari ilinifikia baadaye, jua limekwisha chomoza. Nikachukua bunduki, nikajaza risasi kamili, nikakimbia.

Nilikuwa nimefika kwenye kijito niliposikia mlio wa kwanza. Ulikuwa mzito, wa chini. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeujua mlio ule, lakini mimi niliupika. Nikasikia wa pili, ule ule. Kisha tembo akapiga kelele, na watu wakapiga kelele.

Nilipotokea kwenye majaruba ya mpunga, tembo dume alikuwa amesimama juu ya kitu kilichokuwa ndani ya matope, anakisukuma kwa goti. Nilipiga mara moja. Siwezi kusema kama jicho lilijifumba, siwezi kusema kama bega liliuma. Tembo alikaa chini kwa miguu ya nyuma, akaanguka ubavu, Mungu akajalia akaangukia upande wa pili.

Kaka alikuwa hai. Mguu wake wa kushoto, kuanzia pajani, haukuwa mguu tena. Tulimbeba juu ya mlango mpaka kwenye lori la shamba, na Mgiriki mwenyewe akaliendesha mpaka hospitali mjini, analia na kutukana njia nzima. Huko walimkata mguu ili waiokoe roho.

Mimi sikupanda lori. Nilisema nabaki kumwangalia tembo asije akawa na mwenzake. Wanakijiji walipokuwa wanaanza kugawana nyama, niliazima shoka, nikapasua fuvu. Fuvu la tembo ndani lina vishimo vishimo kama sega la nyuki, risasi hafifu hupotelea humo. Niliikuta ya kwanza mahali ambapo kaka alipaswa kuipiga, si juu si chini, imekwama ndani ya mfupa, imebakiza upana wa vidole viwili kufika kwenye ubongo. Ya pili ilikuwa karibu yake. Mtu aliyepiga vile hakutetemeka hata ukope. Nilizitoa kwa kisu, nikaziosha kijitoni, na nilipofika nyumbani nikazitupa chooni. Ndani ya mkoba wa kaka, nilioukuta matopeni, zilikuwa zimebaki mbili. Nikazibadilisha na mbili kamili.

Hayo niliyafanya kwa mikono mitulivu kabisa. Ndiyo yanayonichosha zaidi nikiyakumbuka, kuliko hata mguu.

Mgiriki alipouliza, nilijitia hamnazo. Nilisema labda kaka alipiga akikimbia, labda jua lilikuwa machoni. Akatikisa kichwa akasema wazee wa bunduki siku zote huisha hivyo, siku moja mkono unakataa. Kambini nao wakachukua maneno hayo, na kabla kaka hajatoka hospitali kila mtu alikuwa anajua kwamba alikosa shabaha. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunakula, kama zile risasi zake zilimfaa shemeji. Nilimwambia hakuwahi kuzitumia. Aliishi nami miaka mingine mingi, akafa bila kuniuliza tena, na mpaka leo sijui kama aliniamini.

Kaka alitoka hospitali baada ya kama miezi miwili, na magongo mawili ya kutembelea. Mgiriki alimpa lori limpeleke kwao pamoja na mkewe na vyombo vyao. Nilikwenda kumsaidia kupakia. Nilikuwa nimepiga moyo konde usiku kucha kwamba siku hiyo nitasema, litokee litakalotokea. Mkewe alipoingia ndani kuchukua kitanda, tukabaki wawili, yeye amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mimi nimesimama. Nikafungua mdomo.

“Kaka, kuna neno nataka kukwambia.”

“Ngoja,” alisema. “Mimi ninalo kwanza. Nimekaa nalo hospitali siku zote hizi, na nisipokwambia wewe sina wa kumwambia.”

Alikuwa amekonda sana. Alitazama mlango kwanza kama mkewe yuko mbali.

“Nilifumba jicho, mdogo wangu.”

Sikuelewa. Au nilielewa haraka mno.

“Siku ile. Nilifumba jicho. Lazima nilifumba, maana alikuwa hapa, kama hapa na mlango, na nilimpata mahali hasa, nilidhani nimempata. Mara zote mbili. Hata teke sikulisikia. Wewe wajua ile bunduki, mtu hawezi asilisikie teke lake ila awe amekwisha potewa na roho. Miaka yote hiyo nilijiona dume, kumbe mwoga.” Akapangusa uso kwa kiganja. “Risasi zako zilikuwa nzuri. Usije ukajilaumu kwa risasi. Ni mimi.”

Nikasema, “Kaka, sikiliza.”

“Hapana, sikiliza wewe. Huko kambini waseme nilikosa shabaha, sawa, mtu hukosa. Lakini hili la kufumba jicho nimekwambia wewe peke yako. Wanangu wasilijue. Waambie watu mguu niliupoteza kwa bahati mbaya. Utaniapia?”

Mkewe alitokea mlangoni na kitanda, dereva akapiga honi. Nililipokea godoro nikalitupa juu ya lori. Nikarudi, nikamshika kaka kwapani nimpandishe, mzito upande mmoja na mwepesi upande wa pili, na alipokwisha kukaa alinishika mkono hakuuachia.

“Niapie,” alisema.

Nikamwapia. Nilisema wallahi sitamwambia mtu, na machozi yakamtoka, akanishukuru.